Shingo Iumayo na Shingo Iliyoumia

Mwezi huu nimependa kuwaandikia habari ya kiungo ambacho kila mtu anacho, wala hakikumbuki mpaka siku kinapomsumbua, nacho ni shingo. Labda mtu atasema, "Shingo nayo ina habari gani?" Nami ningalisema hivyo hivyo, kama si jambo lililotupata hapa kwetu Zinga. Nitalieleza kwanza jambo hilo, maana ndilo lililonifanya niwaulize madaktari na kusoma vitabu, nikajifunza haya ninayowaletea leo.

Nyote mwajua ya kuwa pwani hii ni nchi ya minazi. Mwaka mmoja, wakati wa kuangua nazi, jirani yangu, kijana mkwezi hodari, alianguka kutoka juu ya mnazi. Jina lake silitaji, kwa kuwa mama yake yu hai. Mimi nalikuwa karibu nikipalilia muhogo. Nikasikia kishindo, nikakimbia. Nalimkuta amelala chali, macho yake yamefumbuka, naye anasema. Alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, shingo yangu." Mara wakaja watu wengi, kila mtu na huruma yake. Mmoja akasema, "Mwinueni aketi, apate pumzi." Mwingine akasema, "Mpeni maji." Basi mimi nikamshika kwapa moja, mwenzangu akamshika kwapa la pili, tukamwinua, kichwa chake kikaanguka kifuani kama cha mtoto mchanga. Tukampakia katika pikipiki katikati ya watu wawili, tukampeleka hospitali. Tulipofika, mikono yake haikuweza tena kushika kitu. Baada ya miezi minne alitutoka.

Siku moja nalimwuliza daktari, "Je, bwana, ni mnazi uliomvunja, ama ni sisi?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, hilo hakuna awezaye kulijua sasa. Lakini wasema ya kuwa alikushika mkono." Neno hilo halijaniacha hata leo.

Shingo ilivyoumbwa

Kichwa cha mtu mzima ni kizito kuliko tunavyodhani. Uzito wake wapata kilo 5, sawasawa na dumu la lita 5 lililojaa maji. Mzigo huo umewekwa juu ya mifupa midogo iitwayo pingili, nayo idadi yake shingoni ni 7, kwa mtu mrefu na kwa mtu mfupi pia. Hata twiga, mnyama aliye alama ya taifa letu, ana pingili 7 tu shingoni mwake kama sisi. Ila zake ni ndefu mno, moja yaweza kufika sentimeta 25 au kupita.

Pingili ya kwanza ina umbo la pete. Wataalamu huiita atlasi, kwa jina la jitu katika hadithi za Wayunani, ambalo lilibeba mbingu mabegani. Fuvu la kichwa hukaa juu ya pete hiyo, na kiungo hicho ndicho kitusaidiacho sana tunapoitikia kwa kichwa na kusema "ndiyo". Pingili ya pili ina mfupa uliosimama kama kigingi, na ile pete huzunguka katika kigingi hicho. Hapo ndipo tunapotikisa kichwa na kusema "siyo". Karibu nusu ya kugeuka kote kwa shingo, kuume na kushoto, hutoka katika kiungo hiki kimoja. Pingili 5 zilizobaki hufanana, na kuanzia ile ya pili kwenda chini, kati ya pingili na pingili pana kisahani laini kiitwacho diski, mfano wa mto mdogo wa kukalia. Kwa mtoto diski zina maji mengi. Mtu akiendelea kuzeeka hukauka na kupungua unene.

Sasa angalieni jambo lililo kubwa kuliko yote. Kila pingili ina tundu katikati, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji mmoja. Ndani ya mfereji huo hupita ugwe wa fahamu utokao katika ubongo, unene wake kama kidole cha mwisho cha mkono. Amri zote za ubongo kwenda mikononi na miguuni hupita humo, na habari zote za baridi, moto na maumivu ya mwili hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kutoka shingoni hutokea jozi 8 za mishipa ya fahamu. Ile ya tatu, ya nne na ya tano huungana kuiamuru nyama iliyowambwa chini ya mapafu kama ngozi ya ngoma, ambayo kazi yake ni kuvuta pumzi. Jozi zilizo chini yake huamuru mabega, mikono na vidole. Kwa sababu hii mtu aliyekatika ugwe juu kabisa hawezi hata kupumua, na aliyeumia chini kidogo huweza kupumua, walakini mikono na miguu yaweza kulala.

Tena, pembeni mwa pingili zilizo nyingi yamo matundu mengine madogo, na humo hupita mishipa ya damu iendayo sehemu ya nyuma ya ubongo.

Lakini msidhani ya kuwa shingo husimama kwa mifupa pekee. Jirani zetu wa Mlingotini na mabaharia wa Bagamoyo watanielewa upesi: mlingoti wa jahazi hausimami kwa nguvu zake wenyewe, bali hushikwa na kamba pande zote. Kano na misuli ya shingo ndizo kamba zake. Kamba zikilegea, mlingoti hulala. Zikikazwa upande mmoja, huegemea.

Basi ikumbukeni tofauti hii, maana mafundisho yangu yote yamo humo: kuna shingo iliyoumia, na kuna shingo iumayo. Ya kwanza yataka kutulizwa. Ya pili, mara nyingi, yataka kutumiwa. Aliyezichanganya hizi mbili hudhuru pale alipotaka kusaidia.

Shingo iliyoumia

Iko hati ya kale ya uganga ya nchi ya Misri, iliyoandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, nayo huitwa kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyeinunua mjini Luxor mwaka 1862. Humo zimeandikwa habari za mtu ambaye pingili ya shingo yake imetoka mahali pake, mikono na miguu yake haina fahamu, na mkojo wamtoka pasipo yeye kujua. Mganga yule wa kale aliandika ya kuwa ugonjwa huo hautibiwi. Hali ilikuwa hivyo kwa muda wa miaka elfu tatu na zaidi. Hata katika vita kuu ya kwanza, askari wengi waliovunjika uti wa mgongo walikufa kabla ya mwaka kwisha, kwa vidonda vya kulala na kwa maradhi ya kibofu.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1944, daktari Ludwig Guttmann alipofungua wodi ya watu wa namna hii huko Stoke Mandeville, Uingereza. Yeye hakuwa na dawa ya kuunga ugwe uliokatika, wala hata leo haijapatikana. Lakini aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kibofu chao kitunzwe kwa usafi; kisha akawafundisha kazi na michezo. Wakaishi. Basi ninyi wenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, jueni ya kuwa kumgeuza kwa saa zake ni tiba kubwa, si kazi ya bure.

Hapa pwani watu huumia shingo kwa njia zilizo wazi: kuanguka kutoka minazi na miembe, ajali za magari na bodaboda katika barabara yetu ya Bagamoyo na Dar es Salaam, na vijana kujitosa baharini kichwa mbele wakati maji yamekupwa. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Basi ukimkuta mtu aliyeanguka, fanya hivi.

Kwanza, usimwinue wala usimketishe. Mwambie asitikise kichwa. Msimamizi awe mmoja, na wengine wamtii.

Pili, mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishike kwa mikono miwili, kiganja kila upande, kielekee sawa na mwili. Asivute, asikunje, asiachie mpaka wafike wenye ujuzi. Khanga mbili zilizoviringishwa vizuri, zikiwekwa huku na huku ya kichwa, humsaidia.

Tatu, angalieni pumzi, maana pumzi hutangulia shingo. Kama hapumui vizuri, sukumeni taya lake la chini lije mbele, pasipo kukipindua kichwa nyuma. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili mzima pamoja, kichwa, kifua na miguu kwa mara moja, kama gogo. Msimpe chakula wala kinywaji.

Nne, kama yupo majini, motoni au katikati ya barabara, hana budi kuondolewa. Lakini mvuteni kwa unyofu wa mwili, kichwa kikishikwa.

Tano, kama gari la wagonjwa halipatikani, tafuteni ubao mpana au mlango. Watu wanne au watano wamgeuze kama gogo, ubao uingizwe chini yake, afungwe kwa vitambaa, achukuliwe juu ya ubao huo katika gari la kulala. Pikipiki haifai hata kidogo, wala kitanda cha kamba kilichobonyea. Mwendesha pikipiki aliyevaa kofia ngumu asivuliwe, isipokuwa kofia yenyewe yamzuia kupumua.

Mtu atasema, "Kufanya haya yote ni kupoteza wakati." Lakini haraka haraka haina baraka. Dakika kumi za kutafuta mlango haziwezi kulinganishwa na miaka ya kulala.

Hospitalini ndipo utakapoiona kola ya shingo. Iliyo ngumu hutengenezwa kwa plastiki, vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, nayo ina nafasi wazi mbele ya koo. Hushika kidevu na kisogo, ikasimama juu ya kifua na mabega. Kazi yake ni kupunguza mwendo wa shingo mpaka picha zipigwe, au mpaka mfupa uungane kama daktari akiamuru. Walakini kola ngumu haizuii mwendo wote, hasa katika viungo vile viwili vya juu. Tena ina taabu zake: hufanya vidonda kidevuni na kisogoni isipotazamwa kila siku, na isipokuwa ya kipimo chake mtu huona taabu kumeza. Aliyepewa asiivue kwa shauri lake mwenyewe; na ikiwa yapasa kuosha ngozi, afanye kwa namna aliyoonyeshwa hospitalini.

Mahali pavunjikapo vibaya, wapo wanaovikwa pete ya chuma kuzunguka kichwa, iliyoshikwa fuvuni kwa skrubu ndogo, nayo imeungwa kwa vyuma na fulana ngumu ya kifuani. Kifaa hiki kilitangazwa mwaka 1959 na madaktari Jacquelin Perry na Vernon Nickel wa California, ambao walikuwa wakiwatibu wagonjwa wa polio ambao misuli ya shingo zao ilikuwa imekufa. Ukimwona mtu amevaa pete hiyo usimwogope. Hakuna kilichofika katika ubongo wake.

Katika nchi yetu, walioumia sana hupelekwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996 Dar es Salaam. Na kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1981 chuo cha mafundi wa viungo vya bandia na vifaa vya kutegemeza mwili, na wanafunzi wake hutoka katika nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa ufundi huu ni wa Ulaya pekee.

Mwaka uliopita kijana mmoja alitupwa na bodaboda karibu na kwetu. Safari hii nalipiga magoti, nikakishika kichwa chake mpaka mlango ulipoletwa. Picha ilionyesha ufa katika pingili. Alivaa kola ngumu wiki nyingi, na leo anatembea. Sisemi ya kuwa mimi ndiye niliyemponya. Huenda angalitembea vivyo hivyo. Nasema tu ya kuwa safari hii sina la kumwuliza daktari.

Shingo iumayo

Sasa tugeukie jambo lililo la kila siku. Wengi wenu, hasa kina mama, huumwa na shingo, wala hamkuanguka. Sababu moja twaijua sote. Bagamoyo ni mji wa wapagazi tangu zamani. Katika karne ya 19 mpagazi alibeba mzigo wa ratili 60 au 70, yaani kilo 27 hadi 32, kutoka bara mpaka hapa. Misafara imekwisha, lakini mizigo haikwisha: imebaki vichwani mwa wake zetu na binti zetu, ikawa ni maji na kuni.

Mwaka 1986 wataalamu walitangaza habari za wanawake wa Kijaluo na Kikuyu wa Kenya waliopimwa wakitembea na mizigo. Waliona ajabu: mwanamke aliyezoea aliweza kubeba sehemu moja katika tano ya uzito wake pasipo kutumia nguvu zaidi ya yule asiye na mzigo. Ukipita kiasi hicho, nguvu zaanza kutumika. Basi fanyeni hesabu. Mama mwenye kilo 60, sehemu yake moja katika tano ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, mbali na ndoo yenyewe. Huo ndio mzigo tunaomwona nao kila asubuhi, nasi hatusemi neno, kwa kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Naye huyo mwanamke, hata asipochoka miguu, diski za shingo yake zafinywa kila siku, na miaka ikipita huchakaa.

Kwa hiyo, enyi waume, gawanyeni maji safari mbili, au nunueni toroli. Mama asijitwike peke yake kwa kuirusha ndoo kichwani. Amtafute mtu wa kumtwika na wa kumtua, tena atumie kata iliyo nene. Na ninyi vijana, mnaoinamia simu tangu jioni hata usiku wa manane, jueni ya kuwa kichwa kilichoinama ni kizito shingoni kuliko kilichosimama. Na ninyi hamna hata maji ya kuleta nyumbani.

Yuko mama mmoja hapa kwetu aliyeumwa shingo. Mwanawe, kwa kumpenda, alimletea kola laini ya sponji kutoka mjini. Akaona nafuu siku tatu, akafurahi, akaivaa mchana na usiku muda wa miezi mitano. Hata alipojaribu kuivua, shingo ilitetemeka na maumivu yakazidi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini akamweleza hivi: kola laini haizuii sana mwendo; hutoa joto na kumkumbusha mtu asigeuke kwa haraka. Siku chache si vibaya. Ikikaa miezi, misuli husahau kazi yake, ikalegea kama kamba za mlingoti zilizoachwa. Akamfundisha kuivua kidogo kidogo, na kugeuza kichwa polepole kuume na kushoto, kurudisha kidevu nyuma, na kuzungusha mabega, kila siku asubuhi na jioni. Alipona kwa kuitumia shingo, si kwa kuifunga.

Maumivu mengi ya namna hii hupoa yenyewe baada ya siku au wiki chache, kwa kitambaa cha moto, mto usio mrefu, na kutolala kitandani mchana kutwa. Lakini ziko dalili ambazo hazingoji. Ukiona ganzi au udhaifu mikononi, vidole vikashindwa kufunga vifungo, miguu ikayumba, au mkojo ukazuilika au ukatoka wenyewe, nenda hospitali siku ile ile. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa kali na kuumwa kichwa ni hatari kubwa. Na shingo iumayo majuma mengi, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, yaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho kina dawa, kikigunduliwa mapema.

Neno moja la mwisho kwa wanaokwenda kwa vinyozi. Baada ya kunyolewa, kinyozi hukushika kidevu na kisogo, akainyonga shingo mpaka ilie. Kumbukeni ile mishipa ya damu ipitayo katika matundu ya pembeni: nayo yaweza kuchanika, mtu akapooza. Jambo hilo si la kila siku, lakini kwa nini kuhatirisha? Mwambieni, "Ahsante, ndugu, kichwa chatosha."

Wasomaji wapenzi, nimesema mengi, nanyi huenda mkayasahau. Basi yashikeni haya mawili. Shingo iumayo, itembezeni kwa upole. Shingo iliyoumia, ituliizeni, na mikono yenu isiwe na haraka kuliko akili zenu. Jioni ya leo waonyesheni watoto namna ya kukishika kichwa cha aliyeanguka, na mwafikiane ni mlango upi wa nyumba utakaong'olewa upesi ikitokea haja. Mimi kwangu tumekwisha kuuchagua: ni ule wa jikoni.

Nami nakoma hapa.